Aliyefaulu Mtihani wa Masikio

4 Februari

Kichwa, mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana nina mengi. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako ametoka hospitali juzi, ngiri imekatwa, anatembea kama mtu aliyebeba mayai kwenye mifuko ya suruali, na kila anayekuja kumjulia hali anaonyeshwa mshono hata kama hakuuomba. Binti yangu mkubwa amehamia kwake na ameondoka na sufuria zangu mbili nzuri, anasema nilimpa. Mimi bado niko kwenye dawati la simu pale ofisi ya maji. Kazi ni ile ile: tangu asubuhi watu wananitukana kwa ajili ya mabomba ambayo sikuyatoboa, nami najibu, "Tumelipokea lalamiko lako." Yuko mzee mmoja nalipokea lalamiko lake tangu mwaka juzi, sasa tumekuwa kama ndugu.

Tuje kwako. Nilikupigia simu Jumapili ile kabla ya upasuaji. Nikakwambia, "Shemeji yako kalazwa, wanamkata kesho." Ukasema, "Safi sana, safi sana, Mungu azidishe." Nikadhani una kinyongo naye. Nikasema, "Madaktari wanasema hatari ipo." Ukacheka! Ukasema, "Ndiyo hivyo hivyo, dada, tutafanyaje." Shemeji yako alikuwa amelala kando yangu na simu iko kwenye spika, akasikia yote. Nikamwambia siku hizi unakunywa, maana kwa haraka ile sikupata sababu nyingine ya heshima.

Kichwa, mimi nalipwa kusikiliza watu. Mtu anayejibu swali ambalo hakulisikia namjua kwa pumzi tu. Masikio yako yana nini?

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye karatasi huwezi kuniambia safi sana kabla sijamaliza. Karani wa posta aliponiona na bahasha aliniuliza kama naomba kazi. Jibu.

Dada yako.


27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika, bahasha imechanika pembeni kana kwamba imechoka kubeba hasira. Sisi hatujambo. Watoto wanasoma, au wanavaa sare na kutoka asubuhi, mengine anajua mwalimu. Wifi yako anakusalimu kwa sauti ya juu. Siku hizi kila kitu anakisema kwa sauti ya juu, sijui amepatwa na nini. Nimeogopa kumwuliza.

Mpe pole shemeji, na umwambie sinywi. Simu yangu ndiyo mbovu. Iliangukia kwenye ndoo, tangu hapo watu wanaongea wakiwa mbali, kama wako chumba cha pili na mlango umefungwa. Nitaitengeneza.

Masikio yangu hayana kitu. Ungekuja kazini ungeelewa. Kwetu kwenye lori la taka hakuna mtu anayeongea, dada. Mashine ikianza kushindilia, hata ukimtukana mwenzako ataona tu unafungua mdomo. Kwa hiyo tunagonga bodi. Ukigonga mara moja, dereva anasimama. Mara mbili, twende. Ukigonga mfululizo, kuna balaa. Nami nikiweka kiganja kwenye bati napata habari zote za lori, tangu injini mpaka nani anapanda nyuma. Mtu wa namna hiyo utasema hasikii?

Na mimi si mtu wa kuokota tu. Mimi ndiye nashika mkono wa mashine. Uko nyuma, upande wa kulia: ukiuvuta, bamba la chuma linashuka na kushindilia taka kwenye tumbo la lori. Miaka kumi na mitatu nimesimama pale. Pampu iko karibu na sikio langu kuliko mto wa kulalia. Upande wa kushoto yuko Msumari, mwenzangu, mwembamba, kichwa kipana, jina lake halikuhitaji mkutano. Dereva tunamwita Dereva, kwa sababu hataki tumwite kitu kingine.

Waliwahi kutuletea vizibo vya masikio, vya sponji, vya njano. Dereva alivitia kwenye droo. Msumari kimoja amezibia chupa yake ya chai, anasema haivuji tena. Mimi nilivivaa asubuhi moja nikajiona kama niko chini ya maji, nikavitoa. Na kusema kweli, mwanamume kuja kwenye lori amevaa vizibo ni sawa na kuja na mto na shuka.

Sasa nisikilize. Msimamizi ametangaza kwamba mwezi wa nne tunapimwa masikio wote. Atakayeshindwa anatolewa kwenye lori, anapelekwa kufagia sokoni. Kwa hiyo maneno yako ya masikio yaache huko huko yasije yakanifuata huku.

Wako,
Kichwa.


15 Machi

Kichwa,

Hatujambo. Shemeji yako amerudi kazini, mshono ameuficha, mtaa umepumua. Nimekusamehe mambo ya simu ila yeye bado, anasema mlevi husema kweli.

Nimempigia wifi. Wifi yangu mimi hanidanganyi, hana muda huo. Ameniambia redio yenu inasikika mpaka kwa jirani wa tatu, na jirani wa pili amehama. Ameniambia siku ile ya mvua alisimama mlangoni anagonga mpaka kanga ikamganda mwilini, na wewe uko ndani, umekaa, unakula, umeupa mlango mgongo. Tena ameniambia akikutaka anakurushia kandambili. Ikikupata unageuka. Ikikukosa anarusha ya pili. Sauti ya juu unayomshangaa, ndiyo hiyo aliyobaki nayo baada ya kandambili kuisha.

Sasa mimi nakuomba kitu ambacho sijawahi kumwomba ndugu yangu yeyote. Feli. Ingia kwenye huo mtihani, ufeli kwa moyo mmoja. Tulipokuwa shule ulifeli bila kuombwa, leo ndiyo unataka kuongoza darasa?

Ufagio una ubaya gani? Ufagio ukikosea, vumbi litabaki, basi. Wewe umeshika chuma kinachoshuka mahali watu wanapoingiza mikono. Siku mtu akipiga kelele pale nyuma, nani atasikia? Kiganja chako?

Nijibu hilo tu. Ya watoto wa shule yasubiri.

Dada yako.


20 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi. Wa mwisho wetu ameng'oka jino, mbuzi wa jirani amekula daftari lake, na wifi yako ameniambia ananipenda, au kitu kinachofanana na hicho, nilikuwa naangalia pembeni.

Nimefaulu.

Nakueleza ilivyokuwa ili ucheke badala ya kununa. Chumba cha kupimia ni ile stoo ya mabuti, wameibandika sponji ukutani ila harufu ya mabuti imekataa kuondoka. Unavishwa vitu vya masikioni, unapewa kitufe mkononi. Ukisikia mlio, unabonyeza. Dada wa vipimo amekaa na mashine yake mbele yako, mnatazamana kama wachumba. Dereva alitangulia. Alipotoka akatuita nyuma ya choo akatupa siri: yule dada kila anapotaka kutoa mlio, anauma mdomo wa chini. Hata yeye mwenyewe hajui.

Basi niliingia nikautazama ule mdomo kama mtu aliyekuja na barua ya posa. Akiuma, nabonyeza. Akiuma, nabonyeza. Mara moja alipiga chafya nikabonyeza, akacheka, akasema, "Mzee una haraka." Hilo nililisoma mdomoni vile vile. Lori zima tumefaulu. Msumari ametushinda wote, mpaka dada wa vipimo akampa mkono akamwambia ana masikio ya paka. Jioni tulinunuliana soda.

Kwa hiyo ujue kwamba mdogo wako sasa anasikia rasmi.

Tatizo dogo tu ni kwamba mimi na huyo paka tumegombana wiki hii. Sheria ya lori ni moja: kitu kizuri kikitupwa, ni cha aliyekigusa kwanza. Kumetokea feni, nzima, haina hata ufa. Yeye anasema aliigusa waya, mimi nasema feni ni panga, waya ni mkia. Feni iko kwangu, inazunguka vizuri. Amenuna. Atacheka tena.

Wako,
Kichwa.


2 Mei

Kichwa,

Hatujambo.

Nimeisoma barua yako kazini. Simu zimelia sikuzipokea, watu wamekosa maji na wamekosa hata mtu wa kumtukana.

Umemshinda nani? Mtoto akiibia mtihani wa hesabu, anakuja kudhulumiwa chenji dukani, anajua kwa nini. Wewe umeibia mtihani wa masikio, halafu umerudi kushika chuma, na unaniomba nicheke. Na si wewe peke yako. Lori zima! Mnazunguka mitaani, viziwi mnaoendesha chuma, na mmepewa mkono wa hongera.

Nimekasirika mpaka nimeishiwa maneno, na mimi maneno ndiyo kazi yangu. Rudisha feni ya watu.

Dada yako.


11 Juni

Dada yangu,

Samahani kwa kimya, kulikuwa na mambo ya hapa na pale. Mvua zimekatika, barabara imebaki mashimo. Wifi yako amepaka jikoni rangi ya samli, hakuniuliza, ila si mbaya. Nimefurahi kusikia shemeji amerudi kazini. Ulisema amerudi, siyo?

Mimi niko nyumbani kwa muda. Nimepewa mapumziko, si kwa ubaya. Hata Msumari anapumzika kwake, mkono unamsumbua kidogo. Feni nimemrudishia kama ulivyosema. Niliibeba mwenyewe kwa miguu, mkewe akafungua mlango, akaitazama, akafunga. Nikaiacha kizingitini.

Kuna rafiki yangu mmoja, humjui, ana swali. Anauliza hivi, mtu akimwumiza mwenzake kazini pasipo kukusudia, na watu wakasema amekusudia, anatakiwa aseme nini? Nimemwambia wewe uko ofisini, unajua ofisi zinavyopenda kuelezwa. Ni kwa ajili ya rafiki.

Asubuhi kuna kibaridi, mchana jua.

Kichwa.


19 Juni

Kichwa,

Mwambie rafiki yako kwamba wifi amenieleza yote, na alilia mpaka muda wa simu ukaisha.

Nitakuandikia ilivyokuwa, kwa kuwa wewe umeniandikia rangi ya jikoni. Waya wa godoro ulinasa kwenye bamba. Msumari akaingiza mkono kuuchomoa, kama mnavyofanya kila siku na kama mnavyokatazwa kila siku. Wewe ukavuta. Akapiga kelele, mwenye duka ng'ambo ya barabara akasikia akaruka meza yake. Wewe uko hatua tatu kutoka kwake, unaangalia mbele, unaendelea kuvuta. Ni Dereva aliyeona kwenye kioo watu wanakimbia, akazima. Vidole viwili vya Msumari vimekwenda.

Na kwa kuwa mlikuwa mmenuniana kwa ajili ya feni, sasa Msumari anasema ulimsikia. Ulimsikia, ukavuta. Mtaa unasema hivyo, mkewe anasema hivyo. Wifi akienda bombani wanawake wanasogeza ndoo zao. Na msimamizi akiulizwa kama labda masikio ya huyu mzee yana kasoro, anasema haiwezekani, tulimpima juzi juzi, huyu anasikia kuliko mimi.

Raha ya kufaulu ndiyo hiyo. Ukisema hukusikia, nani atakuamini? Umewathibitishia mwenyewe kwamba unasikia mpaka chafya.

Lakini mimi najua hukusikia. Nakujua wewe, mchoyo wa feni, mbishi, mwongo wa mambo madogo; mnyama sikujui. Nenda ukaseme. Kazi utaipoteza, ndiyo. Ila ukinyamaza, yule mtu atakufa akiamini ulimsaga vidole kwa sababu ya feni. Kipi kizito?

Dada yako.


6 Julai

Dada,

Wewe unaona rahisi kwa sababu umekaa kwenye kiti kinachozunguka.

Dereva alikuja hapa na wenzake wa lori. Walikaa kwenye kochi wamebanana kama wamekuja kuposa. Dereva hakuzunguka. Akasogea karibu na uso wangu, sisi ndivyo tunavyoongea, akasema, "Kichwa, ukifungua mdomo, tunakwisha wote. Watauliza wengine walifaulu vipi. Mimi nyumba yangu haijaezekwa."

Nikamwambia, "Na mimi je? Wananiita mwuaji."

"Mwuaji wa vidole," akasema mmoja. "Vidole havina msiba."

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Dada, nilicheka. Ningefanyaje?

Halafu hebu nikuulize, maana kila mtu ananiuliza mimi. Lori lina kengele. Kabla ya bamba kushuka inalia, tena mlio mkali, imewekwa kwa kazi hiyo tu, na siku ile ililia, maana taa yake niliiona ikiwaka. Kila mtu wa lori anajua: ikilia, toa mkono. Msumari ana masikio ya paka. Mbona hakuutoa? Na yeye ana uzembe wake, lakini huo hausemwi bombani.

Nimeshafikiri sana. Nikisema nilisikia, mimi ni mnyama. Nikisema sikusikia, mimi ni mwongo na nimewauza wenzangu. Kwa hiyo nimepata njia ya tatu. Nitasema mkono wa mashine uliteleza, kwamba ulikuwa umelegea. Fundi wa gereji ndiye aliyeukagua, na yeye anastaafu mwaka huu, haitamwumiza sana.

Msimamizi ameniita wiki ijayo. Niombee.

Kichwa.


14 Julai

Kichwa,

Una wazimu?

Kwanza simu ilikuwa mbovu. Sasa mashine ni mbovu. Wifi naye ana tatizo la sauti. Kila kitu duniani ni kibovu isipokuwa masikio yako. Na huyo fundi amekukosea nini, zaidi ya kuwa mzee na kuwa mbali?

Hakuna aliyekuomba uwe na masikio mazuri. Baba alizeeka akawa anasikia nusu, tukampenda na nusu yake. Hakuna aliyemcheka ila wewe, na ulikuwa mdogo.

Sitaki barua nyingine ya hali ya hewa. Ukiwa na neno la kweli, niandikie. Kama huna, stempu mpe mwenye shida nayo.


30 Agosti

Dada yangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Wifi yako amewashia jiko zile za kwanza, zilikuwa na kibaridi na jua.

Kwa msimamizi nilikwenda. Fundi wa gereji alikuwa ameitwa pia, maana habari ya mkono kulegea nilishaitanguliza kwa Dereva, amekaa kwenye benchi la nje na kofia magotini. Akaniona, akasimama kunipa mkono, akasema kitu. Sikukisikia. Nikamjibu safi sana. Akanitazama vibaya, dada, nikajua nimejibu kisichoulizwa. Baadaye nimeambiwa aliniuliza, "Kwani nimekufanyia nini?"

Nilipoingia, msimamizi akafungua mdomo, nami nikamwambia anisubiri, kuna mtu natakiwa nimwone kwanza. Nikatoka. Sijui kama aliniita. Huenda aliniita sana.

Nikaenda kwa Msumari. Mkewe hakutaka nipite, nikapita. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Nikamwambia, "Sikukusikia."

Akasema, nilimwona mdomoni, "Wewe ulifaulu."

"Nilimtazama yule dada mdomo. Kama Dereva alivyotwambia. Wewe ulifanyaje?"

Akaniambia kwa mkono nigeuke, nitazame ukuta. Nikageuka. Ukuta wao una ufa unaopanda mpaka darini na picha ya harusi, Msumari amevaa koti la mtu mnene. Nikasubiri. Nikaona ananipotezea muda, nikageuka nikasema, "Haya, anza."

Mkewe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Msumari mishipa ya shingo imemtoka, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshamaliza. Mkewe alinieleza baadaye, polepole, usoni, aliyoyasema: alinitukana mimi, na marehemu baba, na wewe pia, samahani. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa dirishani. Mimi nilikuwa nasoma ufa.

Halafu Msumari akasimama yeye, akaenda ukutani, akanipa mgongo. Sikuelewa mara moja. Mkewe naye hakuelewa. Nikamwita jina lake. La kweli, siyo Msumari. Nikaliita kwa sauti niliyo nayo. Hakugeuka. Nikaliita tena mpaka koo likaniwasha, na mkewe naye akaliita, jina la mumewe, yuko nyuma yake hapo hapo. Hata bega halikutikisika.

Kumbe na kengele ya bamba hakuisikia. Mimi sikumsikia yeye, yeye hakuisikia kengele, kila mmoja anajua mwenzake ana masikio mazuri, tumeyanywea na soda. Na mimi nilikuandikia kwamba ni mzembe. Karatasi ile ingekuwa bado iko kwangu ningeila.

Tukaenda kwa msimamizi wote wawili. Fundi bado alikuwa benchini. Tukaeleza yote, mpaka mdomo wa dada wa vipimo. Msimamizi alinitukana kwa muda mrefu, ila alikuwa ameinamia meza, kwa hiyo sina uhakika ni kwa jambo gani. Fundi ameambiwa aende nyumbani. Wamerudia kuwapima watu wa malori yote, safari hii dada wa vipimo amekaa nyuma ya pazia. Kwetu hakubaki mtu. Dereva ameshushwa, lori limeegeshwa, watu wanalalamika taka hazizolewi, nadhani wengine wanakupigia wewe kwa makosa.

Wenzangu wameapa hawanisemeshi mpaka kufa. Sijaona tofauti kubwa.

Nafagia sokoni. Mwuza mabuti ya plastiki pale ananiita profesa, au kitu cha namna hiyo. Daktari amenichunguza, akaniambia wifi yako aingie ndani asikie na yeye, maana mimi nilikuwa naitika tu. Sikio la kulia limekufa. La kushoto limebaki kidogo, nalo halitapona, ni kulitunza tu. Msumari analipwa fidia kidogo kwa ajili ya vidole. Kwa masikio bado wanabishana, wanasema hayana jeraha la kuonekana.

Nakuambia kwa mkono wangu mwenyewe, ili uache kunisumbua: sisikii, dada. Ni miaka sasa. Nilianza kujua siku nilipoona jogoo wa jirani anafungua mdomo alfajiri, nikadhani anapiga miayo.

Msumari anakuja kwangu Ijumaa. Tunakaa uani tukitazamana, maana pasipo kutazamana hakuna kinachoeleweka. Wifi yako anasema tangu azaliwe hajaona wanaume wawili wanakodoleana macho muda mrefu namna ile bila mmoja kupigwa. Huwa hatuna mengi. Ijumaa iliyopita aliuangalia mkono wake, kisha akanishika goti ili nimtazame, akaniuliza tena kama ni kweli.

Nikamwambia, "Sikukusikia."

Akaweka kiganja kwenye sikio, akaniomba nirudie.

Nikarudia.

Mdogo wako.